Mwendo wa Mbonea

Mume wake alikuwa ameshazikwa miaka minne, lakini siku za kiangazi alipita mbele ya shamba lake mara nne, mara tano, kila mara ndani ya mwili wa mtu mwingine.

Naetwe alimtambua kwa mbali. Safari hii alikuja ndani ya mzungu mnene mwenye kofia ya ukindu, kipofu, mkanda mweusi umemzunguka mabegani. Mzungu alipanda kilima taratibu, akafika kwenye jiwe lililokaa kama mgongo wa ng'ombe, akasimama, akageuza uso kushoto. Pale ndipo mumewe, Mbonea, alipozoea kusimama akakohoa. Halafu akaenda kwa hatua fupifupi, maana mizizi inatambaa njiani, na mbele kidogo akainama kama anayepita chini ya tawi. Tawi lenyewe lilikatwa zamani. Juu ya kichwa chake palikuwa na hewa tupu. Mzungu aliinama tu, akainuka, akaendelea.

Naetwe aliweka jembe chini akamfuata. Angeulizwa, angesema anakagua njia, na asingekuwa ameongopa, kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa mlinzi wa njia za wageni katika kitongoji cha Vumbari. Hakuna aliyemuuliza. Watu walikwisha kumwona mara nyingi akitembea nyuma ya wageni, mikono mgongoni, macho kwenye visigino vya mtu asiyemjua, na walikuwa na adabu ya kutazama pembeni.

Mkanda ule uliitwa Mwandani. Uliletwa huku milimani Upare wakati serikali ilipotaka kila mtu aweze kuzuru kila mahali: kipofu, mzee, mtu ambaye kichwa chake kimeanza kusahau njia. Ulisema maneno machache sikioni, na kazi kubwa uliifanya kwa kubonyeza. Bega la kulia, pinda kulia. Mabega yote mawili, simama. Njia yenyewe uliijua kwa picha. Kila picha iliyopigwa kwa simu ilibeba mahali pake: ilipigwa wapi, kwa kimo gani kutoka ardhini, saa ngapi, kioo kikielekea upande gani. Picha moja haisemi mengi. Lakini mtu akiipiga picha njia ile ile masika na kiangazi, miaka nenda miaka rudi, na picha zake zikashonwa pamoja, hupatikana zaidi ya njia. Hupatikana mwendo wake: anapopumzika, anapopunguza hatua, anapoinama.

Mwanzoni mafundi walichanganya picha za watu wote ili wapate mwendo wa wastani. Walijuta. Mmoja akilizunguka jiwe kwa kulia na mwingine kwa kushoto, wastani wao unapita katikati ya jiwe. Wageni walijigonga, wengine wakatumbukia mitaroni. Ndipo ikaamuliwa kila njia iwe na mtu mmoja wa kufuatwa, yule mwenye picha nyingi kuliko wote. Kwenye njia ya ukingo wa Itonto mtu huyo alikuwa Mbonea, mfuga nyuki, aliyepita pale kila siku kwenda kwenye mizinga yake na aliyepiga picha kila alichokiona, kama mtu anayeogopa kusahau. Alikufa kwa figo, kitandani, simu ikiwa chini ya mto.

Mzungu alifika kwenye geti la Mama Mbonea, mama mkwe wa Naetwe, akasimama bila kuambiwa na mtu.

"Hapa husimama kidogo," Mwandani ulimnong'oneza. Naetwe, nyuma ya ua, aliisikia ile sauti ndogo kama ya nzi.

"Karibu maji," alisema Mama Mbonea. Alikuwa amekaa barazani tangu asubuhi, miguu imevimba, mtungi ubavuni. "Umekuja? Pole na kilima. Kunywa, kunywa. Wewe umenenepa kuliko yule wa juzi."

Mzungu hakuelewa. Alicheka, akanywa, akashukuru kwa Kiswahili cha kitabuni. Bibi alimshika mkono akaushikilia muda mrefu kuliko desturi, kisha akauachia.

Mgeni alipotoweka kwenye kona, bibi alisema bila kugeuka, "Na wewe unamfuata tena."

"Nakagua njia, mama."

"Kagua, kagua." Alicheka kidogo. "Mimi miguu imenigomea, la sivyo ningekagua na mimi."

*

Vuli ya mwaka ule ilikuja na fujo. Ilipopumua kidogo, Naetwe alipanda kwenda kutazama ukingo, na mbele ya mizinga ya marehemu, pale ambapo njia inapita ubavuni mwa genge, akaukuta ufa. Kipande cha ardhi kilikuwa kimejitenga na mlima. Mkono uliingia mpaka kwenye kiwiko. Alichomeka fito ndefu, na fito haikugusa chini. Upande wa bondeni ulikuwa umeshuka kidogo na kuinama, kama mtu aliyekalia kiti kilicholegea mguu.

Alipiga picha akazituma. Jibu lilikuja kabla hajafika nyumbani: picha zimekataliwa, hazikubaliani na njia inayojulikana.

Alipiga simu ofisini, mjini. Aliyepokea ni Festo, kijana ambaye walizoeana kwa sauti tu.

"Dada Naetwe, mfumo unaangalia wingi," Festo alisema. "Marehemu ana maelfu ya picha zinazosema pale ni pazima. Wewe una vipicha vyako vya leo, tena vya ukungu. Mfumo unaona wewe ndiye uliyekosea."

"Mfumo haujui kwamba amekufa?"

"Unajua sana. Lakini mtu akifa njia yake haifi, ndivyo ulivyotengenezwa. Huko kwenu si ndicho mnachopenda?"

"Ifunge wewe basi."

"Sina ruhusa. Anayefunga ni mkaguzi, na mkaguzi hapandi huko mpaka barabara ikauke." Sauti yake ikashuka. "Au mrithi azike."

Naetwe alilijua neno lile. Katika vitabu vya ofisi liliandikwa kwa jina refu, lakini watu wote walisema kuzika. Mrithi hushika simu yake, hutaja jina la marehemu na kusema amezikwa, na palepale picha zake zote hutoka katika kila mkanda, popote ulipo. Hazirudi. Zamani ziliweza kurudi, mpaka wakatokea watu waliozika na kufukua, na wengine waliotengeneza marehemu wa uongo ili wageni wasimamishwe mbele ya maduka yao. Siku hizi aliyezikwa amezikwa.

"Siwezi kuondoa zile za ukingoni tu?"

"Dada, mwendo haukatwi vipandevipande. Ukikata pale, mgeni atafika penye ufa, halafu mkanda utamtaka aruke kama panzi mpaka ng'ambo. Ama yupo mzima, ama hayupo."

"Nitafikiri."

"Fikiri, lakini usikawie. Na pole, dada. Pole tena."

Hakuzika. Alifanya kile ambacho mtu wa Upare hufanya akitaka kufunga njia. Alikwenda mpakani mwa shamba lake, akakata isale, ule mmea wa mipakani, akalifunga fundo, akachomeka shina moja kila upande wa njia, na majani marefu yenye fundo akayalaza katikati. Isale huamua mipaka. Waliokosana hupatanishwa nalo. Likilazwa njiani limefungwa fundo, hakuna Mpare atakayeliruka. Hata mchunga mbuzi hugeuza mbuzi wake bila kuuliza sababu. Naetwe alisimama akalitazama, akaona moyo umetulia kwa mara ya kwanza siku ile. Njia imefungwa, na Mbonea yupo.

Haikumjia kichwani kwamba wanaoletwa na Mwandani hawaoni majani.

*

Jioni ile alimpelekea mama mkwe makande, akiwa amenuia kumwambia. Alimkuta barazani anafuta mtungi kwa kitambaa.

"Leta hapa, njaa inaniuma," alisema Mama Mbonea. "Umetia karanga?"

"Nimetia."

"Wewe ndiye mkwe. Yule wa kwa Msangi anapika makande utadhani anajengea ukuta." Walikaa. Bibi alikula kwa mkono, taratibu. "Kwa nini una uso huo?"

"Mvua tu, mama. Nimelowa."

"Mvua imenifukuzia wageni. Mwaka huu nilikuwa nimepata wengi kuliko harusi. Unamkumbuka yule mwenye kanzu? Alisimama pale kwenye jiwe akakohoa kweli. Sikia vizuri, kweli! Nikamwambia, wewe sasa umezidi, kusimama inatosha."

Naetwe alicheka.

"Wenzangu huniambia, mbona huendi kaburini," bibi aliendelea. "Niende kwa miguu hii? Kaburi wewe ndiye unayelifuata, hata ukiwa mgonjwa. Mimi wangu hunijia mwenyewe mpaka hapa, akanywa maji." Alijipangusa midomo. "Kuna kitu ulitaka kusema?"

"Hapana, mama."

"Haya. Nipe na ile sehemu yenye nazi."

*

Baragumu la msaragambo lililia asubuhi iliyofuata. Msaragambo ni kazi ya wote, na likilia hilo baragumu anayebaki nyumbani ni mgonjwa au mzazi. Vumbari yote ilishuka na majembe kwenda kwenye ndiva, bwawa la kijiji linalokusanya maji ya mifereji, kuzoa tope lililoletwa na vuli. Ndiva iko upande mwingine wa bonde. Ukisimama kwenye tuta lake unaiona njia ya Itonto yote, kuanzia geti la Mama Mbonea mpaka ukingoni, kama uzi uliotupwa juu ya mlima. Kuiona kutoka pale ni rahisi; kuifikia ni kuteremka bonde na kulipanda.

Watu walikuwa katika tope mpaka magotini, wakitaniana. Mzee Mshana, mpiga baragumu, alikuwa amekaa kavu juu ya tuta.

"Mzee, baragumu limekwisha kulia, sasa shuka ushike jembe," mtu mmoja alimwambia.

"Mimi nikishika jembe, nani atawaambia muda wa kula?"

"Tumbo!"

Wakacheka. Simu ya Naetwe ilitetemeka kwenye fundo la kanga. Aliifungua kwa vidole vyenye tope. Mgeni ameingia njia ya Itonto. Aliisoma tena. Msimu ulikuwa umekwisha, hakutazamia mgeni. Alijiambia kwamba isale lipo. Simu ikatetemeka tena: mgeni amesimama kwenye geti la maji.

Aliinua macho. Ng'ambo ya bonde, mtu mdogo mwenye kanga za njano alikuwa akitoka getini kwa Mama Mbonea, peke yake, akiuelekea ukingo. Alitembea bila shaka yoyote. Alitembea kama Mbonea.

"Kuna mgeni kule," mwanamke aliyekuwa karibu naye alisema.

"Isale lipo," alijibu mwingine. "Nililiona jana. Atageuka."

"Haoni," alisema Naetwe.

"Haoni nini?"

"Haoni kabisa. Ana mkanda." Aliposema hivyo ndipo na yeye alipolisikia neno hilo kwa masikio yake. Majembe yalisimama moja baada ya lingine.

Walipiga kelele wote kwa pamoja. Sauti zilishuka bondeni zikapotea. "Piga baragumu!" mtu alisema, na Mzee Mshana akasimama, akapiga kwa nguvu zake zote, mlio mrefu ambao mtu yeyote wa Vumbari angeusikia angeacha alichokuwa akifanya. Yule mwenye kanga za njano aliusikia. Alisimama. Akageuza uso upande wa sauti, akainua mkono, akawapungia.

Kisha akaendelea.

Naetwe alikuwa amekwisha kuanza kukimbia. Aliteremka hatua kadhaa, akateleza, akajua. Hata angekuwa na mbawa asingefika. Alilitazama isale kwa mbali, doa la kijani, na yule mtu akalipita kama anavyopita nyasi. Mbele ya isale ilibaki mizinga, na baada ya mizinga ufa.

Kwenye mizinga mtu wa kanga za njano alisimama. Mbonea alizoea kusimama pale, mikono kiunoni, akisikiliza kama nyuki wameamka vizuri. Alikaa pale muda mrefu siku zote. Naetwe alizoea kumtania kwamba anawasalia. Sasa alisimama tena, mikono kiunoni, kichwa kimeinama upande, na Naetwe akiwa katikati ya mteremko, simu mkononi, alipata fikira ambayo baadaye hakumwambia mtu: kwamba anamngoja. Kwamba anampa nafasi. Naye aliitumia ile nafasi kumtazama. Alimtazama pumzi nzima, na nyingine. Angeweza kumzika tangu pumzi ya kwanza.

Mikono ilitoka kiunoni.

"Mbonea Mgonja," Naetwe alisema kwenye simu, "amezikwa."

"Sauti haikutambuliwa," simu ilijibu. "Sema tena."

"Mbonea Mgonja." Alifunga macho. "Amezikwa."

Alipofungua macho, mtu wa ng'ambo alikuwa amepiga hatua moja, na alikuwa akipiga ya pili, na katikati ya hatua ile mwili wake ulibadilika. Mabega yalishuka. Mguu ulitafuta ardhi kama mguu wa mtu mzee, ambao kweli ulikuwa. Akasimama. Akapapasa mkanda. Halafu, polepole, akakaa chini.

*

Naetwe alifika juu mapafu yakiwaka. Mgeni alikuwa mwanamke aliyepita umri wa makamo, amejifunga ushungi, amekaa kwenye nyasi zilizolowa miguu mbele. Ufa ulipita chini ya magoti yake. Visigino vyake vilikuwa upande wa pili, juu ya kile kipande kilichoinama.

"Nani huyo anahema kama punda?" mgeni aliuliza.

"Usisogee, mama. Tafadhali."

"Nisogee niende wapi? Tumefundishwa, mkanda ukilegea, kaa kitako. Nimekaa kitako na nguo zimelowa. Nikadhani ndiyo ukarimu wa Wapare, hata kiti mnabania."

"Mbele yako ardhi imepasuka. Vuta miguu kwako, taratibu. Hivyo. Sasa nipe mkono, urudi kwangu kwa makalio."

Mwanamke aliacha utani. Alivuta mguu mmoja, kisha mwingine. Vijiwe viliporomoka mahali, vikachukua muda mrefu kufika chini, na alivisikiliza mpaka mwisho. Naetwe alimshika kwapani akamburuta mpaka kwenye mizinga. Walikaa wote wawili wakiwa wameegemea mti.

"Mimi naitwa Tunu," alisema mgeni hatimaye. "Nilikuwa mwalimu Bagamoyo. Macho yameniacha, lakini miguu bado inanidai matembezi." Alipapasa mkanda mabegani. "Yule kijana amekwenda wapi?"

"Kijana gani, Bi Tunu?"

"Aliyekuwa ananitembeza. Nimetembezwa na wengi, mwanangu. Kuna mmoja huko Lindi hunitoa jasho, kama anamkimbia mkewe. Huyu alikuwa na adabu. Akanisimamisha hapa nisikilize nyuki. Halafu ghafla hayupo, kama mtu aliyeniachia mkono sokoni."

"Alikuwa mume wangu."

"Alikuwa?"

"Alifariki zamani. Leo nimemzika. Mkanda usingesimama vinginevyo."

Bi Tunu aliugeuza uso wake kwa Naetwe, na ingawa macho hayakuona, Naetwe aliinamisha yake.

"Kwa ajili yangu?"

"Ndiyo."

"Mimi sikukuomba."

"Najua."

"Ungeniuliza ningekwambia mwache, mimi ni mzee, nimekula chumvi ya kutosha." Alivuta pumzi. "Ningesema hivyo nikiwa nimekaa hapa chini ya mti. Pale nilipokuwa nimekaa sijui ningesema nini."

Alimtafuta Naetwe kwa mkono, akampata bega, akaacha mkono pale. Wakakaa hivyo mpaka watu wa ndiva walipofika na kamba.

*

Alikwenda kwa mama mkwe kabla watu hawajamtangulia. Tope la ndiva lilikuwa limemkaukia miguuni. Bibi alikuwa amesimama, jambo ambalo hakulifanya mara nyingi, ameshika nguzo ya baraza.

"Baragumu limelia mara mbili," alisema. "Nani kafa?"

"Hakuna aliyekufa." Naetwe alikaa chini, kwenye udongo, si kwenye kiti. "Ukingoni kuna ufa, mama. Niliufungia isale. Yule mgeni hakuliona, akapita."

"Yule mwenye utani? Nilimpa maji mimi. Nilimwambia nenda bila wasiwasi, njia hiyo ni ya mwanangu." Mkono wake ulikaza kwenye nguzo. "Hukuniambia kuna isale."

"Sikukuambia."

"Umekuja hapa, umekula makande, hukuniambia."

"Nimemzika Mbonea, mama. Ndiyo njia pekee ya kumsimamisha yule mama. Yuko salama. Lakini Mbonea hatapita tena."

Kuku walikuwa wakichakura ua. Mama Mbonea alishuka polepole mpaka akakaa, na ilichukua muda mrefu, naye Naetwe hakuthubutu kumsaidia.

"Na hiyo ardhi imeanguka?"

"Bado."

"Bado," alirudia bibi. Aliitazama mikono yake. "Siku ile ya kwanza tuliita watu. Walikuja mpaka wa Same. Nilitia udongo kwa mkono huu, nikasikia unavyogonga sanduku, nikajua nimefanya. Leo unaniambia umekwisha kumzika, kwa simu, mimi niko hapa nimekaa na mtungi."

"Hapakuwa na nafasi ya kukuita."

"Jana palikuwa na nafasi."

"Ungekubali, mama?"

Bibi alifikiri kwa haki, kama mtu aliyeulizwa shaurini.

"Nisingekubali," alisema. "Lakini ungeniita."

Naetwe aliinuka, akamjazia mtungi. Kesho yake alikuja kufagia ua, na kesho kutwa, na hawakulizungumza tena. Majirani walikuja kwa makundi madogo kusema pole, wakaona aibu, kwa kuwa hawakujua wanatoa pole ya nini, wakakaa kidogo na kuondoka.

Kipande kile hakikuanguka. Hakikuanguka wiki ile, wala vuli ilipokwisha. Mkaguzi alikuja barabara ilipokauka, akachomeka fimbo yake, akatikisa kichwa, akateremka. Ufa uliota majani. Watu wengine walianza kusema, chinichini, kwamba labda usingemdhuru mtu. Naetwe aliwasikia. Usiku aliamka na kuyasema maneno hayo mwenyewe, kwa sauti ndogo, kuona kama yanasemeka.

Kiangazi kilipofika, wageni walirudi. Njia yao sasa ilipita chini ya geti la Mama Mbonea, kando ya mfereji, ikifuata picha za kijana mmoja mwongoza watalii aliyekuwa akipita pale kila siku kuwahi gari. Naetwe alikuwa uani kwa mama mkwe akipepeta mahindi walipotokea wa kwanza, watu watatu waliofuatana, mikanda mabegani. Walikwenda kwa hatua ndefu, sawasawa, vichwa mbele.

Mama Mbonea aliwasikia kabla ya kuwaona. Alivuta kanga, akajinyoosha kitini.

"Karibuni maji!" aliita.

"Asante, bibi!" alijibu yule wa mbele kwa furaha, akainua mkono upande ambao bibi hakuwepo, na miguu haikupungua hata kidogo. Wa nyuma nao walisema asante. Vumbi lao likabaki juu ya mfereji kwa muda, kisha likatua.

"Wana haraka," alisema Mama Mbonea.

"Ndiyo, mama."

Bibi aliendelea kutazama kule walikopotelea.

"Na hawa," aliuliza, "wanatembea kama nani?"

Naetwe alitikisa ungo, makapi yakapeperuka.

"Simjui, mama," alisema. "Ni mtu tu."